Mbao za Jukwaa

Karakana ile ilikuwa na redio mbili, na zote zilianza kusema kabla wenyewe hawajamaliza chai.

Moja ilikaa kwenye rafu ya upande wa mlango. Hiyo ilikuwa ya kaka mkubwa, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Randa kwa sababu hakuweza kuona ubao wenye kigongo akaupita bila kuulainisha. Stesheni yake ilikuwa ya watu wa Kengele. Ya pili ilikaa dirishani, na mwenyewe alikuwa mdogo wake, seremala pia, aliyepewa jina la Patasi kwa ukali wa maneno yake. Hiyo ilikuwa ya watu wa Birika. Kengele na Birika ndizo alama zilizochorwa kwenye kila ukuta na kila nguzo ya umeme wakati ule. Uchaguzi ulikuwa umebakiza miezi miwili, ingawa ukisikiliza redio ungedhani ni kesho asubuhi, na ungedhani hivyo tangu mwaka juzi.

Kati ya redio hizo mbili, juu ya kigoda, alikaa mke wa Randa na kipande cha msasa mkononi. Watu walimwita Mama Msasa. Kazi yake karakanani ilikuwa kumalizia: kusugua, kuziba nyufa kwa vumbi la mbao lililokorogwa na gundi, kisha kupaka vanishi. Kuanzia saa moja asubuhi sikio lake la kulia liliambiwa kwamba nchi haijawahi kupaa namna hii. La kushoto liliambiwa kwamba nchi imekwisha, imebaki kuzikwa. Wachambuzi walikuja wakachambua, wakaja wengine kuwachambua wale waliochambua. Adhuhuri ilipofika kichwa chake kilikuwa kinavuma kama mzinga, na hakuna neno hata moja alilolikumbuka.

Ndugu hawa wawili walikuwa hawasemezani. Huu ulikuwa mwezi wa tano wa kununiana. Walikosana wakisikiliza mdahalo mmoja, Randa akacheka mahali ambapo Patasi aliona hapachekwi, na kesho yake karakana ikachorwa mstari wa chaki katikati. Tangu hapo maneno yote yalipita kwa Mama Msasa. Randa angesimama hatua tatu kutoka kwa mdogo wake, akaangalia dari, akamwambia mkewe amwombe yule bwana keekee ya kutobolea mbao. Mama Msasa angegeuza shingo na kumwomba yule bwana keekee. Mwanzoni alirudia maneno yote kama yalivyotoka. Baadaye akaanza kuyapunguza makali njiani. Sasa alinyoosha mkono tu, na keekee ikaja.

Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Patasi alikuwa bado hajaoa na chungu chake kilikuwa chungu cha shemeji yake. Alichukua sahani yake akaenda kukaa kizingitini, akala chakula cha kaka yake huku ameipa nyumba kisogo.

Katika hali hiyo ndipo walipopata kazi ya madawati arobaini ya shule ya msingi. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote walizopata tangu baba yao afariki. Darasa la mwisho la shule ile lilikuwa limekaa juu ya matofali kwa mwaka mzima, na binti wa Randa alikuwamo. Kila jioni mtoto yule alirudi na sketi nyekundu kwa vumbi la tofali, akamsogelea mama yake kwa mgongo ili akung'utwe kabla baba hajamwona. Na mtihani ulikuwa umebakiza wiki chache.

Kazi waligawana bila kuongea. Randa alitengeneza miguu na kuunganisha. Patasi alikata mbao za kulala, zile zinazoshika mguu wa huku na mguu wa kule, na mbao za kukalia na za kuandikia. Mama Msasa alimalizia. Kitu kimoja tu hawakukigawana kama walivyofundishwa. Marehemu baba yao hakuwa mtu wa tepu ya kupimia. Kila kazi kubwa aliianza kwa kuchonga ufito mmoja mwembamba, akautia alama zote za kazi ile, urefu wa mguu, urefu wa kiti, kina cha tundu, na kila kipande kilipimwa kwa ufito uleule mpaka mwisho. Safari hii Randa alichonga ufito wake akautundika upande wake. Patasi naye akachonga wake.

Mwalimu Mkuu alikuja kuikagua kazi Jumatatu mchana, wiki moja kamili kabla ya mtihani. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye miwani na mwendo wa mtu anayesubiriwa mahali pengine. Madawati yalikuwa yamepangwa uani mistari minne, vanishi inang'aa mpaka unajiona pua. Randa alikuwa amevaa kofia yake ya Kengele. Patasi alikuwa amefunga kitambaa chake cha Birika shingoni. Kila mmoja alisimama mwanzo wa mstari wake kama mtu anayegombea.

Mwalimu Mkuu hakusifia vanishi. Aliketi kwenye dawati la kwanza, akakunja mikono, akakaa hivyo kidogo. Kisha akasema mtoto hakai kama picha, mtoto huazima kifutio kwa mwenzake, na akainama kulia kama anayeazima.

Dawati likainama naye. Halikuvunjika. Lilikwenda polepole, miguu yote ikielekea upande mmoja kama watu waliokubaliana jambo, likajilaza, na Mwalimu Mkuu akajikuta ameketi chini mchangani, miwani bado iko puani. Redio ya dirishani wakati huohuo ikapiga makofi, maana mkutanoni kwao kuna mtu alikuwa amemaliza kuhutubia.

Hakuna aliyethubutu kucheka pale uani. Ng'ambo ya barabara, kwenye karakana ya mchomea vyuma, walicheka kwa niaba ya mtaa mzima.

Mwalimu Mkuu alisimama mwenyewe, akakataa mkono wa Randa. Akalijaribu dawati la pili kwa kulisukuma, kisha la tatu, kisha akaenda mstari wa mwisho akalisukuma moja la kule. Yote yaliyumba. Akachutama akachungulia pale ubao wa kulala unapoingia mguuni. Ulimi wa ubao, ambao ulipaswa kuzama tunduni vidole viwili, ulikuwa umeingia kiasi cha ukucha. Sehemu iliyobaki ilikuwa gundi, misumari miwili, na vumbi la mbao lililosuguliwa vizuri sana.

Aliuliza nani kakata. Randa akasema hizo ndizo kazi za watu wa Birika, maneno marefu, mbao fupi. Patasi akasema muulizeni aliyeunganisha, watu wa Kengele wote ndivyo walivyo, kelele nje na ndani patupu. Kila mmoja alikuwa akimwambia Mwalimu Mkuu, na kila mmoja alikuwa akisema na mwenzake. Ikawa ndiyo mara ya kwanza kusemezana katika miezi mitano.

"Mimi niliagiza madawati," Mwalimu Mkuu alisema. "Hotuba ninazo nyumbani. Mume wangu naye ana redio."

Akawapa mpaka Jumamosi saa tatu asubuhi, shuleni kwake, madawati arobaini. Likikosekana moja, au likiyumba moja, kazi anampa bwana wa vyuma, na watoto watafanya mtihani juu ya matofali wakimsubiri. Alisema hivyo bila hasira, na ndiyo maana waliogopa. Alipokuwa anatoka, vijana wa bwana wa vyuma walimpisha kwa adabu, kisha mmoja akapaza sauti kuelekea karakanani kwamba madawati ya hapo yanalia kama kengele na kuvuja kama birika.

Karakanani walibaki watu watatu na redio mbili.

Randa alimwambia mkewe amwambie ndugu yake kwamba ameiaibisha karakana ya baba. Patasi alimwambia shemeji yake amwambie kaka yake kwamba anayeunganisha ana macho, kama macho hayo hayakwenda kwenye mkutano. Mama Msasa hakugeuza shingo upande wowote. Aliinuka kwenye kigoda akaenda kuutungua ufito wa mume wake, akavuka mstari wa chaki akautungua na ule wa shemeji yake, akazilaza fito zote mbili juu ya meza ya kazi, sambamba, ncha zikianzia pamoja. Wa Patasi ulikuwa mfupi. Yeye alikuwa ametia alama ya sehemu ya ubao inayoonekana tu. Mwenzake alikuwa amehesabu na ndimi zake, vidole viwili huku na viwili kule. Patasi akakata kwa alama yake, kisha akachonga ndimi humohumo ndani ya ubao uliokwisha kuwa mfupi.

Ndugu walitazama. Hata fundi wa siku ya kwanza angeelewa.

"Wewe uliona?" Mama Msasa alimuuliza mume wake.

Randa aliushika ufito wake akaupangusa vumbi.

"Nakuuliza, bwana. Ulipouingiza ubao wa kwanza tunduni ukacheza, uliona?"

"Niliona."

"Ukafanya nini?"

"Nikaweka gundi."

"Na misumari."

"Na misumari," Randa alikubali. "Aliyekata ndiye angekuja kuniuliza kama zinaingia."

Mama Msasa akamgeukia shemeji yake. Patasi naye alikuwa amechungulia matundu ya kaka yake wiki ya pili ya kazi, akaona yana kina kirefu kuliko ndimi zake zinavyofika. Alikiri kwa sauti ndogo, akichezea ncha ya kitambaa chake. Alisema angeuliza yeye kwanza, ingeonekana ameshindwa.

"Na mimi niliona," Mama Msasa alisema. "Wiki hiyohiyo. Mkono wangu umepita kwenye kila mwanya wa madawati haya. Nikaona, nikaziba, nikasugua mpaka mwanya ukapotea. Nilisema nikiwaambia nitasababisha ugomvi. Miezi mitano ninaziba katikati yenu, nikazoea, nikaona ndiyo kazi. Basi nimechoka. Sizibi tena kitu."

Akaenda kwenye rafu akaichukua redio ya mume wake. Akaenda dirishani akaichukua ya shemeji yake. Hakuzizima. Alizifunga pamoja katika kanga moja kuukuu, zikitazamana, akazitia ndani ya sanduku la zana kuukuu akalifunika. Humo ndani mtu wa Kengele alisikika akisema takwimu ziko wazi, na mtu wa Birika akasema takwimu hizo ni za kupika.

"Waacheni wamalizane," alisema.

Waliendelea kubishana sandukuni hadi Jumatano saa nne asubuhi, betri zilipowaishia. Alikwisha kwanza wa Kengele, na yule wa Birika hakudumu hata robo saa bila mtu wa kumpinga.

Shida iliyofuata ilikuwa mbao. Madawati arobaini yalitaka mbao mpya themanini za kulala, na zile fupi hazikuwa na namna ya kurefushwa. Randa alipendekeza madawati yapunguzwe upana, vidole vinne tu, nani atapima. Mkewe alimwambia mtoto atapima kwa kiwiko cha mwenzake. Hilo likaisha hapo. Duka la mbao halikuwa na kitu. Wiki hiyo mbao zote nzuri za mji zilikuwa zimenunuliwa kwa ajili ya majukwaa, kwa sababu Jumamosi Kengele walikuwa na mkutano wao uwanja wa juu, na Birika wao uwanja wa chini, saa ileile, kila mmoja akidai wa kwake ulitangazwa kwanza.

Nyuma ya karakana, chini ya maturubai mawili, kulikuwa na mbao kumi na nne. Saba zilikuwa mchango wa Randa kwa jukwaa la Kengele. Saba zilikuwa mchango wa Patasi kwa jukwaa la Birika. Zilikuwa mbao za mti mgumu, ndefu, zilizokauka vizuri, mbao ambazo hakuna hata mmoja wao angekubali kuzitia kwenye kitanda cha mteja wa kawaida.

Mama Msasa alichukua chaki akapiga hesabu sakafuni, juu kabisa ya ule mstari. Ubao mmoja ukipasuliwa katikati unatoa vipande viwili virefu, kila kimoja kinatoa mbao tatu za kulala. Sita kwa ubao mmoja. Saba kwa sita, arobaini na mbili. Za mtu mmoja hazitoshi. Za wote wawili zinatosha na zinabaki nne.

Randa alimwambia zile ni za chama. Alilisema taratibu, kama mtu anayemkumbusha mgonjwa jina lake. Alikwisha kuahidi mbele ya watu, katibu wa tawi ameandika.

"Mwanao Jumatatu anakaa wapi?" mkewe aliuliza.

Nyuma yao Patasi alikuwa ametoka bila kuaga. Walisikia turubai likivutwa. Akarudi na ubao mmoja begani, akaulaza juu ya mashine ya kupasulia, akafuta mikono, akatazama dari.

Randa aliutazama ubao ule. Kwa maisha yake yote hakuna kitu alichomwachia mdogo wake amshinde, hata kula. Akatoka akarudi na mbao mbili. Patasi akatoka akarudi na tatu, anayumba, mishipa ya shingo imemtoka. Mama Msasa alikaa pembeni akihesabu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ilimbidi ageuke ukutani ili wasimwone anavyocheka.

Mashine ya kupasulia ilitaka watu wawili. Mmoja anasukuma ubao kwenye msumeno, mwingine anasimama upande wa pili anaupokea, na asipoupokea vizuri ubao unabana na msumeno unaurusha. Tangu wakosane, kazi ya kupokea ilikuwa ya Mama Msasa. Siku hiyo Randa alipowasha mashine alimwona mkewe amekaa, amekunja mikono, anaangalia kucha zake. Akasukuma hivyohivyo. Ubao ukaingia robo, ukaingia nusu, ncha ikaanza kuning'inia upande wa pili bila mtu.

"Pokea," Randa alisema.

Patasi akapokea.

Hawakuongea mengine. Kwenye ubao wa pili Patasi alisema sukuma taratibu. Wa nne Randa akasema geuza, hapo pana fundo. Kufika wa saba walikuwa wanatukanana juu ya msumeno butu, nani alipaswa kuunoa na lini, matusi mazuri ya kindugu yasiyo na chama ndani yake. Binti alirudi kutoka shule akawakuta wamefunikwa na vumbi mpaka kope, baba na baba mdogo hawatofautiani, akauliza nyumba imeungua. Akapewa nyundo ndogo akaanza kung'oa misumari pamoja na mama yake.

Siku zilizofuata zilikuwa za kazi tu. Walibomoa madawati arobaini waliyokwisha kuyapaka vanishi. Kwa fundi hakuna kazi chungu kama hiyo, kwani kila msumari unaoung'oa unakumbuka ulivyoupigilia. Ufito ulichongwa mmoja, na Mama Msasa ndiye aliyeushika. Hakuna ubao uliokatwa kabla hajauweka ufito juu yake, na hakuna ulimi ulioingia tunduni kabla hajatia kidole chake kupima kina. Mara mbili alimrudishia mume wake kazi. Mara tatu alimrudishia shemeji yake, na Patasi akanung'unika kwamba shemeji amekuwa mkaguzi, akaambiwa ndiyo, na hajapigiwa kura.

Wenye mbao walikuja Alhamisi alasiri, tena kwa bahati mbaya walikuja pamoja. Katibu wa tawi la Kengele alikuja kwa miguu na watu wawili wa kubeba. Mwenyekiti wa Birika alikuja na gari dogo lenye spika juu. Walikutana mlangoni, wakakataa kupishana, wakaingia kwa ubavu.

Katibu alimwambia Randa amekuja kuchukua zile saba. Randa aliweka randa chini. Alikuwa amejiandaa kusema jambo refu, alilipanga tangu asubuhi, na sasa akaanza kupangusa vumbi la meza kwa kiganja. Mwenyekiti naye alikuwa anamuuliza Patasi mbao ziko wapi, mbona turubai limelala. Patasi, mtu wa maneno makali, alikuwa anatazama viatu vyake.

Mama Msasa aliinuka. Akawaambia wageni mbao zao zipo, hakuna iliyopotea hata moja, wamfuate. Akawapeleka uani. Madawati ishirini na sita yalikuwa yamesimama tayari, vanishi haijakauka sawasawa.

"Hizi mbao za kulala," aliwaambia, "nusu ni za Kengele, nusu ni za Birika. Kila mmoja achague zake achukue."

Wale mabwana walizunguka. Katibu aliinama akachungulia chini ya dawati kama mtu anayetafuta kuku. Mwenyekiti aligonga mbao kwa kidole, akasikiliza. Zilikuwa mti mmoja, rangi moja, zimepimwa kwa ufito mmoja. Mwenyekiti alitangulia kukasirika. Alisema huu ni usaliti, na mtaa utaambiwa kwa spika nani amewauza. Katibu akasema kwa mara ya kwanza anakubaliana na bwana huyu. Kisha wote wawili wakashtuka kwa walichokisikia.

Katibu alitaka angalau kofia irudi. Ilikuwa mali ya tawi, alisema, ina hesabu yake. Watu wote walikuwa wanatazama, pamoja na vijana wa vyuma waliokuwa wamejipanga ng'ambo. Randa aliivua. Akaikung'utia vumbi gotini, mara mbili, kwa uangalifu wa fundi, akampa. Nywele zake zilikuwa zimelala kwa jasho na alionekana mzee ghafla. Patasi alimtazama kaka yake. Akafungua kitambaa chake shingoni, akakikunja, akakiweka mkononi mwa mwenyekiti kabla hajaombwa.

"Kaka, rudi ndani," alisema. "Tuna kumi na nne bado."

La mwisho walilimaliza Ijumaa jua likiwa bado liko juu.

Lori walilokuwa wameahidiwa Jumamosi asubuhi halikuja. Lilikuwa limekodiwa na Birika. Jingine lilikuwa limekodiwa na Kengele. Mama Msasa alimtuma binti yake hadi kituo cha mikokoteni, naye mtoto akarudi akihema na kusema hata mikokoteni imefungwa vitambaa, na mwenye mkokoteni wa mwisho amemuuliza baba yake ni wa upande gani. Ilikuwa saa moja na nusu. Shule ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa mtu mtupu.

Randa alikaa juu ya dawati. Alisema sasa basi, wamejitahidi, Mungu ameona. Mama Msasa alishika dawati la kwanza upande mmoja akamwita shemeji yake kwa kidevu ashike wa pili. Wakatoka nalo barabarani. Binti na baba yake wakafuata na la pili. Wakayafikisha hadi kona, wakayatua, wakarudi kuchukua mengine, wakayafikisha kona. Kwa mwendo huo wangefika Jumatatu, mtihani ukiwa unaanza.

Mchomea vyuma alikuwa amesimama mlangoni kwake akiwatazama. Kazi ile ingekuwa yake wao wakichelewa, na kila mtu pale alilijua hilo. Alitema mate, akawaambia vijana wake wazime mitambo. Akasema hawezi kuangalia mafundi wanabeba kazi nzuri kama wezi. Vijana walewale waliokuwa wakicheka Jumatatu wakavuka barabara, wakajipanga wawiliwawili, wakainua.

Halafu njia ikafanya yake. Muuza maji aliacha madumu yake. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya ndevu, na mteja akaja naye na nusu hiyohiyo. Watu waliovaa kofia za Kengele walikuwa wanapanda kuelekea uwanja wa juu, na waliofunga vitambaa vya Birika walikuwa wanashuka kuelekea uwanja wa chini, wakakutana na mstari wa madawati unaokata barabara katikati. Waliuliza maandamano haya ni ya nani. Wakaambiwa ni ya shule. Wengine waliendelea na safari zao. Wengine walikuwa na watoto wao darasani mule. Mwanamke mmoja wa Birika alimwambia mtu wa Kengele aliyekuwa karibu naye kwamba kama ana nguvu za kupiga makofi saa tatu nzima, anazo za kubeba ubao, na yule bwana akaona aibu akashika. Dawati la mwisho lilipotoka uani, la kwanza lilikuwa limekwisha kupita sokoni.

Hapo ndipo alipotokea mtangazaji. Alikuwa kijana mwenye shati safi na kipaza sauti chenye nembo, aliyetumwa kuhesabu watu wa mikutano miwili na kusema nani amejaza. Aliona umati akaukimbilia. Alimfikia Mama Msasa, ambaye alikuwa amebaki nyuma na dawati la arobaini, peke yake, analivuta kwa kurudi kinyumenyume. Akamsogezea kipaza sauti mdomoni akamuuliza wako upande gani, na wana ujumbe gani kwa wapinzani wao.

Mama Msasa alitua. Alikuwa anahema.

"Upande ule," alisema, akionyesha ncha ya pili ya dawati. "Hakuna mtu. Shika."

Kijana alicheka akidhani ni mzaha. Akaona mama hacheki. Akatazama huku na huku, akakifutika kipaza sauti kwenye mkanda wa suruali, akainama akashika.

Saa tatu kasoro dakika kumi Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa na daftari lake. Matofali yalikuwa yametolewa yakarundikwa nje. Kila dawati lililoingia alilikalia, akainama kulia, akainama kushoto, akasimama, akatia alama. Madawati hayakusema kitu. Baada ya la kumi aliacha kuinama, akawa anatia alama tu. Baada ya la ishirini aliwaita walimu wengine waje waone. Randa na Patasi walikuwa wanapanga mistari, wanasukumana kwa mabega, kila mmoja akidai mstari wake ndio ulionyooka, mpaka binti akawaambia waache, yote imenyooka, akaketi mbele kabisa na kuweka viwiko vyake vyote viwili juu ya ubao.

La arobaini liliingia mwisho. Mbele alikuwa Mama Msasa, nyuma yake mtangazaji, shati limegandana mgongoni, vanishi imemchora viganja. Simu ilikuwa inaita mfukoni mwake bila kukoma. Bila shaka ilikuwa stesheni, wanataka kujua hali ya viwanjani, nani amejaza na nani hakujaza. Mmoja wa walimu alimwambia simu yako hiyo, kijana.

"Naisikia," mtangazaji alisema. "Mama, tunaliweka wapi?"

Na Mama Msasa akamwonyesha.